Dada Alipoionyesha Simu Kamba Zake

Dada yangu anashona mwaka wa thelathini na moja sasa, na hajawahi kumpima mtu kwa utepe. Ukimpa utepe wa kupimia atafungia mzigo. Yeye anapima kwa kamba. Mteja akija mara ya kwanza, Dada anakata kamba ya pamba, anamzungushia kifuani, anapiga fundo. Kiunoni, fundo. Nyonga, mabega, halafu anaishusha kutoka begani mpaka chini ya goti anapiga la mwisho. Kila fundo lina umbo lake ili asichanganye: la mabega dogo, la kifua la mara mbili, la kiuno kitanzi. Akimaliza anafunga mwishoni kipande cha kitambaa cha gauni la kwanza la mtu huyo, anaitundika msumarini. Ubao wa misumari uko juu ya cherehani yake, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na una kamba zaidi ya mia mbili. Wapita njia wengine husimama kuuliza bei ya kamba.

Kisa cha wiki ile watu wanakisimulia nusu nusu, kila mmoja anakata anapotaka na kuunga anapotaka. Nimeona heri nikiandike mimi niliyekuwapo.

Kwanza mjue kwa nini Dada hana habari na namba. Aliacha shule darasa la tatu ili anilee mimi, mama yetu alipokuwa mgonjwa. Mimi nilimaliza la saba kwa sababu yeye hakufika la nne. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja, na kwa hiyo nalikumbuka kila siku. Baadaye mumewe alifariki, akamwachia binti wa miaka minne na cherehani ya mguu iliyokuwa haijaguswa. Alijifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona tena. Yule binti leo ana kazi ya ofisini, na viatu vyake unavisikia kabla hujamwona.

Sasa macho. Dada alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha na kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisubiri miezi saba kupata siku ya upasuaji wa jicho la kwanza. Akapewa Alhamisi, na akaambiwa ukikosa siku yako unarudi nyuma ya foleni. Wiki hiyohiyo ndiyo zahanati ya jirani, aliyoishonea sare miaka tisa, ikataka magauni kumi na moja ya wafanyakazi wake wanawake. Jumatatu iliyofuata walikuwa wanafungua jengo jipya. Dada akakubali. Hajui kukataa kazi, na aliogopa wakimkosa mara moja watakwenda kununua sare za kiwandani moja kwa moja.

"Nitakata Jumanne, nitashona Jumatano, Alhamisi nikakatwe mimi," alisema.

"Dada, huoni hata chaki yako mwenyewe."

"Mikono inaona."

Basi binti yake akaja na dawa ya yote. Kwenye simu yake kuna ile akili bandia, unaiandikia au unaongea nayo, nayo inakujibu. Dada tayari alikuwa anaifahamu, na lazima niseme kweli, ilikuwa imemfaa. Alipoletewa karatasi ya hospitali alikuwa hapati usingizi, anaamini jicho linatolewa, linawekwa kwenye sahani, halafu linarudishwa. Binti akaisomea simu ile karatasi, simu ikamweleza Dada kwa Kiswahili kizuri, taratibu, kwamba jicho halitoki mahali pake. Akauliza tena. Ikajibu tena. Aliuliza swali lilelile mara tisa, na mara ya tisa ikajibu kwa upole uleule wa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimechoka mara ya tatu, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo Dada akaiita Bwana Majibu, na akawa anaiamini kuliko anavyoniamini mimi.

"Mama, we iambie tu vipimo vya kamba zako kama unavyoniambia mimi," binti alisema ile Jumatatu. "Itaandika, itapanga, halafu jirani atakata."

Jirani ni fundi mwenzake wa hapo kibarazani, mwanamume mmoja tunamwita Mkasi.

"Inasikia Kiswahili cha cherehani?"

"Kukushinda wewe."

"Mwanangu, hapo umevuka mpaka."

Binti akaisimamisha simu kwenye kopo la vifungo, akaibonyeza, akatoka nje kupokea wito wa ofisini kwenye simu yake ya pili. Dada akaketi mbele ya ile simu, akajisafisha koo kama anayetaka kuimba. Mimi nilikuwa pembeni napiga pasi.

"Hii kamba ya muuguzi mkuu," akasema, akaiinua. "Mabega yake yanaishia hapa." Akagusa fundo. "Kifua kinakuja mpaka hapa, mnene huyu, Mungu ambariki. Kiuno hapa, karibu kilingane na kifua, lakini usimwambie."

"Asante, nimeelewa," ikasema simu. "Tuendelee na mtu anayefuata."

"Unasikia adabu hiyo?" Dada akanigeukia. "Haya, huyu mfua nguo. Mrefu. Gauni lake linashuka mpaka huku, tazama."

"Asante, nimeelewa."

Wote kumi na mmoja hivyohivyo. Hapa, na huku, na mpaka pale. Nami nimesimama na pasi mkononi, na sikusema neno. Nilidhani inaona! Simu ile ina kijicho mbele na kijicho nyuma, inapiga watu picha hata hawajachana nywele, ningejuaje kwamba safari hii ilikuwa inasikiliza tu? Nimejilaumu kwa hilo kuliko ninavyomlaumu mtu yeyote, ingawa na wengine nawalaumu.

Binti aliporudi akakuta jedwali limekamilika. Majina ya kazi upande mmoja, mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, yote kwa inchi, na nusu zake. Chini imeandikwa kiasi cha kitambaa kinachohitajika na ushauri kuhusu pindo. Lilipendeza kama cheti.

"Umeona, mama?"

"Nitaonaje na macho haya? Nisomee."

Akamsomea. Dada hana habari na inchi, akatikisa kichwa kwa furaha kila baada ya namba. Binti naye alidhani mama yake ndiye aliyezitaja zile namba. Hakumuuliza mama, na mama hakujua kuna cha kuulizwa.

Mimi nasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye sabuni. Nikaona chini kabisa ya kioo, kwa herufi ndogo za kijivu, kwamba programu hii inaweza kukosea na mtu ahakikishe mambo muhimu.

"Hapa wanasema inaweza kukosea," nikasema.

"Mama mdogo, hayo wanaandika tu. Hata kwenye dawa wanaandika inaweza kuleta kizunguzungu, mbona unameza?"

Majibu mazuri hunijia siku mbili baadaye, nikiwa naosha vyombo.

Jumanne Mkasi akakata yote kumi na moja. "Aliyetoa vipimo hivi kasoma," alisema, na akakata kwa raha, akaunganisha kwa uzi wa muda ili watu waje kujaribu.

Jumatano asubuhi walikuja wawili kujaribu kwa niaba ya wenzao, muuguzi mkuu na mfua nguo. Mfua nguo ni mwanamke anayeinama kupita mlangoni. Akavaa gauni lake, akatoka nyuma ya pazia, magoti yote mawili yako nje.

"Hili ni langu au la mwanangu?"

Kabla hatujamjibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nitoeni humu! Jamani, nitoeni!" Muuguzi mkuu alikuwa amekwama, mikono juu, gauni limegoma kifuani. Tulimvuta mimi na mfua nguo, mmoja huku, mmoja kule, uzi wa muda ukaachia paa! akatoka akihema, nywele zimesimama.

Akalishika lile gauni, akamtazama Dada. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. "Fundi, miaka tisa unanishonea. Leo umeniona nani?"

Dada aliketi tu, mikono magotini. Sijawahi kumwona hivyo, hata msibani.

Walipoondoka nikamgeukia Mkasi. "Hukuona kwamba yote yamekaribiana? Umekata gauni la mfua nguo sawa na la watu wengine, wewe uliyemwona akipita hapa kila siku?"

"Niliona kidogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema labda siku hizi wanaajiri kwa saizi." Akanyanyua mabega. "Shemeji, mimi nakata kilichoandikwa."

Nilikwenda nyuma ya duka, kwenye mifuko ya saruji, nikamwomba Mungu anipe subira. Niliomba kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Binti alikuja saa sita mbio, ametokea ofisini. Akaishika simu kwa hasira, akaiandikia: vipimo ulivyotoa si sahihi. Akatusomea jibu. "Samahani sana kwa usumbufu. Uko sahihi kabisa. Haya hapa ni marekebisho." Na hapohapo, kabla mtu hajameza mate, jedwali jipya! Mfua nguo kaongezwa inchi tatu. Muuguzi mkuu kapunguzwa kiuno.

"Kapunguzwa!" nikasema. "Amekwama leo asubuhi, na inampunguza!"

"Inaomba radhi vizuri, lakini," alisema Mkasi kutoka kwenye cherehani yake.

Nami huwa sichukui simu ya mtu, lakini nilinyoosha mkono nikaichukua. Nikaandika polepole, herufi moja moja, kwa kidole kimoja: Wewe, uliziona zile kamba?

Ikajibu kwamba haikuziona. Ilisikia sauti tu. Ilisema mama alikuwa anasema hapa na huku bila kutaja urefu, na kwamba yenyewe ilijaza makadirio ya kawaida ya wanawake watu wazima. Ikasema ilipaswa kuuliza, haikuuliza, na ikaomba radhi tena.

Nilisoma kwa sauti. Kibaraza chote kikageuka, hata mteja wa misumari aliyekuwa anasubiri chenji.

Jamani! Neno lile moja la kweli lilikuwamo humohumo siku zote, na halikutoka mpaka lilipoulizwa kwa jina lake. Mtu akikuonyesha kitu gizani unamwambia sioni. Mtoto wa miaka miwili anasema sioni. Hii inayojua kueleza jicho la binadamu sehemu kwa sehemu, neno sioni lilikuwa wapi?

"Mama mdogo, hivyo ndivyo ilivyo," alisema binti, sauti imeshuka. "Imesoma maandishi mengi sana. Inajua neno gani huwa linakaa baada ya neno gani. Ukitaja kifua cha mwanamke, inajua kwamba hapo huwa panakaa thelathini na sita, thelathini na nane. Mtu mwenyewe haimjui."

"Nawe ulilijua hilo Jumatatu?"

Akainamisha kichwa.

Ndipo Dada akasema, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kesho siendi hospitali."

"Dada! Miezi saba!"

"Macho yako kichwani, hayaendi popote. Zahanati ndiyo itakwenda. Nitakaa hapa, nitapapasa, nitakata upya."

"Utajikata vidole."

"Ninavyo kumi."

Tulibishana mpaka Mkasi akazima redio ili asikie vizuri. Nilimsihi, nikamlilia, nikamtajia na marehemu mama. Hapana. Nilipoona maneno yamekwisha nikaenda kwenye droo ya Mkasi, nikachukua utepe wake bila kumwomba, nikamwambia binti atafute daftari na aache simu kwenye mkoba.

"Shusha kamba ya kwanza," nikamwambia Dada. "Wewe shika, mimi nasoma namba, huyu anaandika. Tukimaliza leo na kesho uende. Tusipomaliza, fanya utakalo."

Akanitazama, kama anatazama, halafu akanyoosha mkono ukutani. Hakuuliza ni kamba ipi. Aligusa kile kipande cha kitambaa na kusema, "Muuguzi mkuu."

Kazi ile tungeifanya Jumatatu kwa saa mbili. Nalisema kwa uchungu. Kamba ilikuwapo, utepe ulikuwapo hatua nne kutoka pale, na watu watatu wazima wenye akili zao.

Lakini haikuwa kupima tu. Nilipoisoma ya kwanza, Dada alisema, "Kiuno ongeza vidole viwili, huyu hapendi nguo imshike akikaa." Ya pili: "Hiyo usiandike kamili. Nilimpima ametoka kujifungua." Ya mpishi: "Huyu nilimpima kavaa sweta, alikuwa na homa." Ya mfagiaji mmoja: "Bega la kushoto limeshuka. Kamba haionyeshi, lakini limeshuka."

Binti aliacha kuandika. "Mama, haya yote hukuiambia simu."

"Haikuniuliza," alisema Dada. "Wewe uliniuliza?"

Mkasi akawasha redio.

Ilipofika alasiri tulikuwa na kumi na mmoja daftarini. Magauni matatu yaliwafaa watu wa katikati baada ya kubadilishana. Matano yalikuwa makubwa, na ya kupunguza ni rahisi. Yaliyobaki matatu, la muuguzi mkuu, la mfua nguo na la mpishi, yalikuwa madogo mno, na kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha dukani. Ilibidi tuyaongeze vipande vya buluu iliyokolea ubavuni, na kwa mfua nguo chini pia.

"Niiambie simu iandike barua ya kuwaomba radhi?" binti aliuliza, kwa woga. "Barua inaandika nzuri sana."

"Najua inaandika nzuri," alisema Dada, akitafuta kandambili kwa mguu. "Nzuri ndiyo iliyotufikisha hapa. Mdogo wangu, nishike mkono."

Tukaenda zahanati. Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni anahesabu glavu. Dada akasimama mbele yake, kidogo pembeni maana hakumwona vizuri, akasema, "Nilimpa mwingine kazi ya kuwajua ninyi, nami ndiye ninayewajua. Nimekosa. Jumatatu mtapata nane safi. Matatu yatakuwa na vipande vya buluu ubavuni, na moja ni lako. Kesho nafanyiwa jicho. Mkasi atapunguza yale makubwa, na mdogo wangu huyu atashona vipande."

"Mimi?" nikasema. Maishani mwangu nimeshona foronya.

Muuguzi mkuu akaweka glavu chini. "Kwa hiyo kwenye ufunguzi nitasimama mbele ya wageni nina viraka."

"Vipande," alisema Dada. "Viraka ni vya nguo iliyochanika."

Halafu yule mama akapumua kwa pua. "Nenda kafanyiwe jicho, fundi. Ukiikosa siku hiyo mimi ndiye nitakayekupokea hapa kipofu kabisa, na sina nafasi. Ila huyo mdogo wako anyooshe mishono, nisifanane na pazia."

Alhamisi Dada alikwenda. Jicho halikutoka mahali pake. Aliniagiza niketi kwenye cherehani yake asubuhi hiyohiyo, nisikae hospitalini kumtazama akilala.

Nikashona, kama ile ni kushona. Mkasi alinipa ushauri ambao sikuuomba kila baada ya dakika tano, na mkono wake haukunyanyuka kunisaidia hata mara moja, kwa sababu alikuwa na yake matano. Ijumaa nilikwama kwenye kuunga kipande chini ya kwapa, nikaona aibu, lakini nikaiomba ile simu kwa binti. Kabla ya yote nikaiandikia: Kitambaa changu hujakiona wala hutakiona, umeelewa? Ikasema imeelewa. Ikanieleza namna ya kupanga pini, wapi pa kuanzia, na kwamba nishone kutoka kwapani kushuka. Ilikuwa sawa kabisa! Hata Mkasi alikubali, kwa shingo upande. Nilikasirika upya. Kitu kikiwa kibaya siku zote unakitupa ukapumzika. Hiki mtu atalazimika kukaa nacho macho wazi, kila siku, kama kijana mwenye kipaji na mdomo.

Jumamosi mchana nilikuwa namalizia gauni la muuguzi mkuu, nina shingo iliyokakamaa, nikasikia kandambili. Dada, amefunguliwa bandeji, amevaa miwani nyeusi ya hospitali. Binti amemshika mkono, naye anauvuta aachwe. Nikasimama nikamkumbatia. Nililia kidogo. Yeye alinipapasa mgongoni mara mbili, haraka, huku anatazama kitu nyuma yangu juu ya bega langu.

Akavua miwani, ingawa aliambiwa asivue. Akaliinua gauni, akalipeleka kwenye mwanga, akalisogeza karibu na lile jicho moja.

"Nani kashona ubavu huu?"

"Mimi, Dada."

"Ulikuwa unatembea nao?" Akanirudishia mikononi. "Fumua."

"Dada, nimeshona kutwa nzima."

"Naona. Sasa naona kila kitu. Fumua."

Nikaketi nikafumua, naye amesimama juu yangu, jicho lake jipya linafuata kila uzi. Nilimshukuru Mungu kwa jicho lile, kwa moyo wangu wote. Halafu nikamwomba anisamehe, maana nilikuwa nimetamani bandeji yake ifunguliwe Jumanne, sare zikiwa zimekwisha kuchukuliwa.